Sekunde Moja ya Jedwali Langu

Nilistaafu miezi minane iliyopita, na tangu hapo kila ninayekutana naye Migori mjini ananiambia kwamba sasa nitapata usingizi. Watu hudhani mchunguzi wa nyota ni mtu wa kukesha. Ninyi mliobaki katika chumba chetu mnajua ukweli. Setilaiti haina mchana wala usiku, inashusha data yake inapopita juu ya antena zilizo mbali na sisi, na asubuhi tunaikuta kwenye kompyuta kama mzigo ulioachwa stendi. Nimefanya kazi na mashimo meusi kwa miaka mingi, na sikumbuki siku niliyokosa chai ya saa nne.

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyoanza na ilivyokwenda. Nitafanya hivyo, wala sitajishusha, maana kujishusha ni kazi ya watu wasio na cha kuonyesha. Lakini mtaona kwamba katikati ya kuandika nilikutana na jambo nisilolitarajia, na karatasi nyingi zimekwenda huko.

Nilizaliwa Kosele. Nyumbani hatukuwa na redio yetu, ila palijaa redio za watu wengine, kwa sababu nilipofika darasa la saba tayari nilikuwa ninazitengeneza. Nilisoma diploma ya elektroniki katika chuo cha ufundi, nikamaliza wa kwanza. Diploma hiyo imetundikwa sebuleni kwangu, mahali ambapo mgeni akikaa tu inamtazama. Mke wangu Pamela, muuguzi mstaafu, husema wageni wetu wanazijua alama zangu kuliko wanavyoyajua majina ya watoto wetu. Ni kweli, na sioni ubaya.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza mashine ya eksirei katika hospitali moja ya Homa Bay. Siku niliyofika nilikuta picha za vifua zinatoka moja safi, moja ina ukungu, bila mpangilio wowote. Mpiga picha alikuwa ameambiwa kwamba tatizo ni mikono yake, naye alikuwa ameanza kuamini. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa siku mbili nzima, daftari mapajani, nikiandika saa ya kila picha. Siku ya tatu nikaona kwamba ukungu ulikuja kila pampu ya maji ya hospitali ilipowashwa. Umeme ulipungua kidogo, mashine ikalegea. Hakuna aliyekuwa ameangalia saa. Niliangalia mimi. Pampu ikapewa waya wake, na yule mpiga picha akaniletea mbuta mzima amefungwa kwenye gazeti. Samaki alikuwa mkubwa kwa mtu mmoja, nikamwalika muuguzi mwanafunzi aliyekuwa akipita mlangoni kwangu kila asubuhi. Huyo ndiye Pamela.

Miaka michache baadaye hospitali ilipata mashine mpya, na fundi mmoja akatakiwa kwenda Uholanzi kufundishwa namna ya kuitunza. Nilikwenda mimi. Kozi ilipokaribia kwisha niliona tangazo ubaoni: maabara ya chuo kikuu ilitafuta fundi wa vifaa vya kupokea eksirei. Nikadhani ni hospitali nyingine. Nilipoketi kwenye mahojiano ndipo nilipoambiwa kwamba eksirei zenyewe zinatoka angani.

Aliyenihoji alikuwa fundi mkuu, mwanamke mfupi aliyeitwa Griet, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Yeye naye alikuwa na diploma tu, na maprofesa walimwogopa. Alinieleza kwa subira. Shimo jeusi lenyewe halitoi mwanga. Linavuta gesi kutoka kwa nyota jirani, na gesi hiyo haiangukii ndani moja kwa moja. Inazunguka kwanza, kama maji yanayotoka kwenye karai lililotobolewa, inasuguana, inapata joto mpaka inatoa eksirei. Mwanga huo hautulii. Unapanda, unashuka, unapepesa, wakati mwingine mara nyingi kwa sekunde moja, na katika kupepesa huko ndimo tunamojifunza kinachotokea karibu na shimo. Hewa yetu inazuia eksirei hizo zisifike chini, ndiyo maana chombo cha kuzipokea kinarushwa juu.

Kisha akaniuliza: nikiona taa inapepesa, nitafanya nini kwanza? Nikamwambia nitaangalia saa, halafu nitatafuta pampu. Ikabidi nimweleze habari za Homa Bay. Alicheka mpaka akashika meza, akaniajiri.

Siku yangu ya kwanza nilivalishwa vazi jeupe la kufunika mpaka nywele, nikaingia katika chumba kisichotakiwa kuwa na chembe ya vumbi, na mfukoni nilikuwa na bisibisi yangu ya Kosele. Griet aliitoa, akaisogeza karibu na kipimo chake, na sindano ikaruka. Bisibisi ilikuwa na sumaku. Hakunikemea. Alifungua droo, akaiweka, akaandika jina langu kwenye kibandiko, akasema itanisubiri humo hadi siku nitakayorudi kwetu. Ilisubiri karibu miaka ishirini.

Mikono yangu imegusa vifaa ambavyo hivi sasa viko juu angani, na kama kuna mtu mwingine wa Kosele anayeweza kusema hivyo, ajitokeze. Lakini kazi niliyoipenda zaidi ilikuja baada ya chombo kurushwa. Saa iliyo ndani ya setilaiti hukimbia au huchelewa kadiri chombo kinavyopata joto na baridi. Lazima awepo mtu wa kuweka jedwali la kuisahihisha: saa ya chombo inasema hivi, saa ya dunia inasema vile. Wakati ule pia saa za dunia zilikuwa zikiongezewa sekunde moja kila baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa dunia inazunguka kwa kuchelewachelewa, na sekunde hiyo nayo ilipaswa kuingizwa. Jedwali hilo nililitunza mimi, kwa mkono, mstari kwa mstari. Kila mstari nilipoushughulikia niliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu katika daftari langu. Maprofesa walilitumia bila kuniuliza swali. Nilipita karibu na milango yao, nikaona michoro yao ubaoni, nikajua kwamba muda ulioandikwa chini ya kila mchoro ulikuwa wangu.

Griet alikuwa na desturi ambayo niliileta Migori nanyi mnaifuata bado. Jambo jipya likionekana kwenye data, watu watatu wanalisoma, kila mmoja peke yake, bila kuambiana. Kila mmoja anaandika jibu kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi. Bahasha zinafunguliwa pamoja, watu wakiwa wamesimama. Profesa akijisahau akakaa, Griet alimtazama mpaka akasimama. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaondoka Uholanzi. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, upande wa kushoto mbele, na nilihakikisha tunakwenda hatua sawa, kwa sababu angeliona hilo.

Nilirudi kwa sababu mama yangu alikuwa ameanza kusahau watu, na nilitaka anisahau nikiwa karibu naye. Alinisahau, lakini alipenda kunishika mkono, na wakati mwingine aliniambia habari za mwanawe aliye Ulaya, kijana mwenye akili sana. Nilikubaliana naye kila mara.

Chuo kimoja cha Migori kikanipa chumba kinachopakana na mashine ya kusaga unga. Mimi niliyetoka katika chumba kisicho na chembe ya vumbi nikawa ninapangusa unga wa mahindi kwenye kompyuta mara mbili kwa siku. Haikunisumbua. Data ya zamani ya setilaiti ni ya bure kwa dunia nzima. Inataka kompyuta, intaneti inayokubali, na mtu wa kukaa nayo. Nilikaa nayo, na polepole wanafunzi wakaja kukaa nami.

Robi alikuja kutoka Ntimaru akiwa na digrii ya fizikia na begi la mgongoni lililoshonwa mara nyingi. Siku yake ya kwanza nilikuwa ninaeleza habari za karai na maji, kama Griet. Robi akainua mkono akasema kwamba kwao maji ya karai hayazunguki hivyo, ila amepeleka ng'ombe joshoni tangu akiwa mdogo. Ng'ombe wakifika mlangoni mwa josho wanasukumana, wanapandana, vumbi na kelele zinaanzia hapo. Aliyekwisha kuingia ndani ya dawa humuoni tena. Unajua wangapi wanaingia na kwa haraka gani kwa kutazama fujo ya mlangoni tu. Nikasema ndivyo hasa, na tangu siku hiyo ninatumia josho lake kila ninapofundisha, mara nyingi bila kutaja jina lake. Leo ninalitaja.

Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha, na nimefundisha wazuri. Alipofika kwenye tasnifu yake ya udaktari, iliyosimamiwa na profesa wa chuo kikuu kilichoko Kisumu, alichagua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu katika chumba chetu. Alichukua eksirei za shimo jeusi moja kutoka kwenye data ya setilaiti yangu ya zamani, akaziweka sambamba na mwanga wa kawaida wa shimo hilohilo, uliopigwa picha kwa wakati mmoja na darubini iliyo ardhini. Eksirei huzaliwa karibu kabisa na shimo. Zikiipiga gesi iliyo nje zaidi, gesi hiyo nayo inawaka kwa mwanga wa kawaida. Kwa hiyo mwanga wa kawaida hutarajiwa kuja nyuma kidogo, kama mwangwi unavyokuja baada ya sauti.

Yeye alikuta umetangulia. Mwangwi ulisikika zaidi ya nusu sekunde kabla ya sauti yenyewe.

Alikuja kwenye meza yangu na mchoro mkononi, akauliza kama saa za setilaiti nimezihakikisha. Nikamwambia ndiyo. Kesho yake akauliza tena.

“Nyathina,” nilimwambia, na ninyi wote mnajua nikisema hivyo kwa Kiluo ninamaanisha mwanangu, “jedwali lile nimelitunza tangu hujajua kuhesabu mpaka sitini.”

Akacheka, akaondoka. Alikuwa na adabu.

Tukafuata desturi. Tulisoma watu watatu: Robi, mimi, na Ochieng', fundi wetu wa kompyuta. Kila mmoja peke yake, kila mmoja na bahasha yake. Siku ya kufungua tulisimama kuizunguka meza, tukazifungua, na majibu yote matatu yalikubaliana. Ochieng' alikwenda kuleta soda na mandazi. Profesa wa Kisumu alisema jambo hilo litawafanya watu wabadilishe wanavyofikiri juu ya gesi inayoanguka. Taasisi moja ya ng'ambo ikamwandikia Robi kwamba akishatetea tasnifu yake wana nafasi ya utafiti kwa ajili yake, kwa sababu ya mwanga uliotangulia. Siku ya kutetea ikapangwa, Jumatano. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshastaafu na kupewa saa ya ukutani.

Ijumaa kabla ya Jumatano hiyo nilikuwa nyumbani, ninaandika kumbukumbu hizi. Nilikuwa nimefika kwenye jedwali. Nilitaka niandike aya moja nzuri juu yake, yenye mfano mmoja au miwili, nikatoa madaftari yangu ya Uholanzi kutoka kwenye sanduku. Katika daftari la nne, pembeni mwa ukurasa, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: programu mpya inaongeza sekunde yenyewe, ondoa yangu.

Hapakuwa na alama nyekundu.

Nilifungua jedwali kwenye kompyuta. Mstari ulikuwapo. Miaka yote hiyo sekunde ile moja ilikuwa imeongezwa mara mbili, mara moja na programu, mara moja na mimi. Haikuwa imemuumiza mtu, kwa sababu wote walioitumia data ile walilinganisha eksirei na eksirei, na ukisogeza kila kitu kwa sekunde moja hakuna kinachobadilika. Robi ndiye wa kwanza aliyezilinganisha na saa ya mahali pengine. Na ile desturi yetu ya bahasha? Tulisoma watu watatu, kila mmoja peke yake kabisa, na sote watatu tulianza kwa kufungua jedwali langu. Nani angetengeneza lake wakati la Mwalimu lipo?

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Sisi ni Wasabato, na Pamela alikuwa amekwisha kufunika masufuria ya kesho. Nilifunga daftari, na nasema ukweli, nilishukuru. Nilikuwa na siku nzima ya kutofanya kazi.

Kanisani sikuimba. Pamela hakuniuliza kitu mpaka Sabato ilipokwisha, tumekaa jikoni, ndipo aliposema nimweleze. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wagonjwa, bila kuitikia.

“Ni kubwa kiasi gani?” akauliza.

“Sekunde moja.”

“Nauliza kwa yule msichana.”

Nikamweleza kwamba mwanga hautakuwa umetangulia tena. Utakuwa nyuma, kama unavyotarajiwa, na hakuna anayempa mtu nafasi ng'ambo kwa kukuta kinachotarajiwa. Nikamweleza pia kwamba huenda ikapita miaka mingi kabla mtu mwingine hajaona, pengine nisiwepo. Pamela alisimama, akaanza kuosha vikombe.

“Sasa nimeelewa kilichokutoa jasho kanisani,” alisema. “Na usimwambie kwa simu.”

Jumapili niliendesha gari hadi Ntimaru. Pale Isebania malori yalikuwa yamesimama mpakani kwa mstari mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani yazibe barabara nzima. Hayakuziba.

Mama yake Robi alikuwa anageuza mahindi kwenye turubai. Tulifahamiana, alikuwa amekuja Migori mara mbili kuona mahali binti yake anapokaa siku nzima. Aliniangalia mikono kwanza.

“Mjaluo akija bila kupiga simu ameleta samaki au ameleta shida,” alisema. “Na samaki simuoni.”

Akanipa kiti. Robi alikuwa ndani, mlango wazi, anaipiga pasi suti ya Jumatano kwa pasi ya makaa. Kando ya ghala alifungwa mbuzi mweusi mnene. Sikuhitaji kuuliza ni wa siku gani.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kutosha robo saa. Yalianzia kwenye historia ya saa za setilaiti. Robi alinisikiliza amesimama, pasi mkononi, na nilipofika kwenye programu mpya akaiweka pasi juu ya kigae chake.

“Mwalimu. Ni ngapi?”

“Moja.”

“Mbele au nyuma?”

“Eksirei zimeandikwa kwamba zilichelewa. Hazikuchelewa. Ni mimi niliyeandika.”

Akaenda kuleta kompyuta. Alikaa kizingitini, akafungua jedwali, akaufuta ule mstari, akaanza hesabu upya. Data ile ni kubwa na kompyuta yake si mpya, kwa hiyo tulingoja. Mama yake aliendelea kugeuza mahindi, na kila akifika mwisho wa turubai alinitazama. Mchoro ulipotokea Robi hakuugeuza ili niuone.

“Iko nyuma,” alisema. “Chini ya nusu sekunde.”

Akafunga kompyuta, akaiweka mapajani, mikono juu yake.

“Niliuliza, Mwalimu. Niliuliza mara mbili.”

“Uliuliza.”

Mama yake akauliza kwa Kikuria, Robi akamjibu kwa maneno machache. Yule mama akaacha mahindi, akamtazama mbuzi.

“Kwa hiyo Jumatano haipo?”

“Haipo.”

“Na huyu?”

“Mfungue,” Robi akasema, akaingia ndani na kompyuta yake.

Nililetewa ugali wa wimbi na mboga, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili. Nilipoaga, Robi hakutoka. Mama yake ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye gari, mbuzi akitangulia mbele yetu akila majani ya ua wa jirani. Alisema tu kwamba binti yake hukasirika polepole na kupoa polepole, na kwamba amefanana na baba yake.

Jumatatu Robi alimwandikia profesa, akaeleza kila kitu. Utetezi ukaahirishwa kwa miezi minne, sura moja nzima ya tasnifu ikaondolewa. Ile taasisi ya ng'ambo iliandika barua ya upole, ikasema nafasi imepewa mtu mwingine. Nilimpigia simu kumwambia nitasaidia kwa lolote. Akasema asante, Mwalimu, nitakuita. Hakuita kwa wiki sita. Nililima bustani ambayo haikuhitaji kulimwa. Pamela aliniambia nikiendelea hivyo nitachimba kisima.

Alipoita, alitaka madaftari. Yote kumi na moja. Niliyapeleka mwenyewe yakiwa sandukuni, nikayaweka mezani kwake, nikasimama kama mtahiniwa. Aliyapitia mstari kwa mstari kwa siku tisa, kwa kalamu nyekundu, akakuta makosa mengine mawili madogo, moja likiwa la tarehe. Alinionyesha. Nikayakubali. Siku ya tisa alinisogezea kikombe cha chai, na nilipotazama ukutani ilikuwa saa nne kamili.

Alitetea tasnifu yake mwezi uliopita, hapo hapo chumbani kwetu, watahini wawili wakiwa mezani na mmoja kwenye skrini. Mnakumbuka, mlikuwapo, na mashine ya unga jirani ilizimwa kwa heshima. Kwa wale ambao hawakuwapo, nasema mapema kwamba alipita, ili wasome kilichobaki kwa utulivu. Nafasi ya ng'ambo haijarudi. Yeye ndiye anayekalia kiti changu sasa, na ninyi ndio mnaomwita Daktari.

Mimi nilikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, pamoja na mama yake. Robi alieleza kuhusu mwangwi, jinsi unavyokuja baada ya sauti kwa chini ya nusu sekunde, na jinsi muda huo unavyotuambia gesi inayowaka iko umbali gani kutoka mahali eksirei zinapozaliwa. Lilikuwa jambo la kawaida, limepimwa vizuri sana. Nilikuwa nimeona watu wakipata sifa kubwa kwa mambo ya ajabu yaliyopimwa vibaya, na niliketi pale nikijua tofauti.

Yule mtahini wa kwenye skrini, mwanamume mwenye sauti kavu, akamwambia kwamba jedwali la kwanza lilikuwa na kosa. Ana uhakika gani kwamba la pili halina?

Nilijua ningejibu nini mimi. Ningesema limekaguliwa mstari kwa mstari.

Robi alisema kwamba hakuliamini la pili pia. Alitafuta nyota inayopiga kama moyo, moja ya zile zinazotoa eksirei na mwanga wa kawaida karibu kwa pamoja katika kila pigo, akaipitisha katika jedwali la zamani na jipya. Katika la zamani mapigo yaliachana kwa sekunde moja. Katika jipya yaliangukiana. Akaonyesha mchoro, mistari miwili imelaliana mpaka unaona mmoja.

Mtihani huo sikuwahi kumfundisha. Sikuwahi kuufikiria. Miaka yote ile nyota hiyo ilikuwa inapiga, na ningeweza kuiuliza siku yoyote.

Mtahini huyo akauliza swali la mwisho, akasema si lazima lijibiwe: kosa lile la kwanza liligunduliwaje, na nani?

Nilikuwa nimekwisha kumwambia Robi kwamba akiulizwa aseme ni jedwali la chumba, yatosha. Alinywa maji. Alitazama juu ya vichwa vya watu wote, hadi nyuma.

“Aligundua aliyelikosea,” alisema. “Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Alikuja mpaka kwetu Ntimaru kuniambia, siku tatu kabla ya siku niliyokuwa nimepangiwa kutetea. Amekaa pale, karibu na mlango. Ndiye mwalimu wangu.”

Watu wakageuka. Mtahini kwenye skrini naye akasogea kana kwamba angeweza kuona. Nimependa kutazamwa maisha yangu yote, sikatai, na hapo nilijikuta ninatazama viatu vyangu.

Mama yake akanigusa kiwiko.

“Inua uso, Mwalimu,” akaninong'oneza. “Mtoto anakuonyesha kwa watu.”

Nikainua.